Tumkumbuke Mama Albertina Sisulu, Muuguzi

Wapo watu ambao hutajwa kwa maneno mengi siku ya maziko yao, kisha husahauliwa kabla ya arubaini. Mama Albertina Sisulu wa Afrika Kusini, aliyefariki tarehe 2 Juni, 2011 akiwa na umri wa miaka 92, hafai kuwa miongoni mwao. Wengi wanaomjua humjua kuwa mke wa Walter Sisulu. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Kazi yake ilikuwa uuguzi, na kwa kazi hiyo nchi yetu ina deni kwake.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba, 1918 katika kijiji cha Camama, wilaya ya Tsomo, Transkei. Wazee wake walimpa jina la Nontsikelelo, yaani mama wa baraka. Albertina ni jina alilolipata katika skuli ya misheni. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akamwachia wasia wa kuwatunza ndugu zake. Alipomaliza masomo katika skuli ya Kikatoliki ya Mariazell mwaka 1939, alitamani kuwa mtawa. Padri mmoja alimzindua kwamba mtawa hana mshahara, na asiye na mshahara hawezi kulisha mayatima. Basi Januari, 1940 akaingia hospitali kuu ya Johannesburg kujifunza uuguzi, katika upande uliotengewa wasiokuwa wazungu. Siku moja ilipotokea ajali kubwa, aliwaona majeruhi Waafrika wamelazwa sakafuni, ilhali vitanda vya upande wa wazungu vilikuwa vitupu. Aliyekwenda kutafuta riziki ya wadogo zake akaifahamu hapo sura halisi ya ubaguzi.

Mwaka 1944 aliolewa. Alizaa watoto watano, na juu ya hao akalea watoto wa jamaa. Mwaka 1954 alihitimu ukunga, akawa anakwenda kwa miguu nyumba hadi nyumba huko Soweto, sanduku la vifaa vyake kichwani. Tarehe 9 Agosti, 1956 alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 walioandamana Pretoria kupinga sheria ya pasi.

Sasa tulitaje deni letu. Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba, 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza walifunga mizigo wakaondoka, na wodi zikabaki bila watu. Mama Sisulu alikuwa mmoja wa waliowatafuta wauguzi wa Kiafrika wa kuja kujaza pengo hilo. Kundi la kwanza lilikuwa la wauguzi 20, waliotoroshwa kwa siri kupitia Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Waliacha wazee wao na makazi yao ili kuja kuuguza wagonjwa wasiowajua. Unguja na Pemba wakati huo zilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Hata hivyo, jambo lililofanyiwa ndugu zetu wa ng'ambo ya pili tusilihesabu kuwa si letu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Malipo yake kwa makaburu yalikuwa kifungo. Mwaka 1963 aliwekwa kizuizini peke yake karibu miezi miwili, na mwanawe Max, kijana wa miaka 17, naye akakamatwa. Mwaka 1964 mumewe alihukumiwa kifungo cha maisha, akapelekwa Kisiwa cha Robben. Sisi tuliozaliwa visiwani tunaijua bahari kuwa njia ya riziki. Kwa mama yule, bahari ilikuwa ukuta. Mumewe hakutoka kifungoni mpaka Oktoba, 1989. Katika miaka yote hiyo, akiandamwa na amri za kumfungia asitembee wala asihutubie, aliendelea kuuguza na kusali, na kwa mshahara wake akalea.

Baadaye aliajiriwa Soweto na Daktari Abu Baker Asvat, Mwislamu, tena mwanachama wa chama kilichokuwa mshindani wa harakati za mama huyu. Alipokamatwa, daktari yule alimshikia nafasi yake. Walifanya kazi pamoja mpaka tarehe 27 Januari, 1989, daktari alipouawa kwa risasi ndani ya kliniki yake, na muuguzi wake akiwamo. Mimi nilianza chuoni kabla ya kuingia skuli, na huko nilifunzwa kuwa kumzuru mgonjwa ni ibada. Mkristo yule na Mwislamu yule waliifanya ibada hiyo chini ya paa moja.

Mwaka 1994 aliingia Bungeni, na ndiye aliyelipendekeza jina la Nelson Mandela kuwa Rais.

Ndugu viongozi, sifa kwa marehemu hazina gharama. Muuguzi anayekesha Mnazi Mmoja, au mkunga anayeamshwa usiku wa manane huko Micheweni, hakuomba kuitwa shujaa. Anahitaji haki yake ifike kwa wakati, vifaa viwepo, na mkubwa wake amsikilize anaposema kuna upungufu. Tukiyatimiza hayo kwa walio hai, hapo tutakuwa tumeanza kulipa deni la Mama Sisulu.