Ukirudi kutoka Pwani, usiidharau homa

Msomaji, ukiondoka Machakos kwa gari kuelekea Mombasa, utapita Kibwezi, Mtito Andei na nyika kavu ya Tsavo hadi Voi na kuendelea, safari ya zaidi ya kilomita 400. Wasafiri wengi hukumbuka kubeba maji na chakula, lakini husahau mbu wa huko waendako.

Mji wa Machakos uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Malaria si nyingi, kwa hivyo wenyeji wengi hawana kinga ya kutosha. Pwani, mbu waenezao malaria huuma usiku. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na umwone daktari kabla ya safari, hasa ukiwa mjamzito au ukienda na mtoto mchanga.

Kurudi nyumbani si mwisho wa hatari. Dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, pengine hata wiki kadhaa. Ukipata homa, maumivu ya kichwa au kutapika, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba ulikuwa Pwani. Malaria kali huua upesi.