Ilani Si Ruhusa

Aishiye Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1950 si mbali na Mbarara, hana haja ya kuhadithiwa khofu ya askari, kwani wengi wa waliomo, Wakongo, Warundi na Wasomali, waliikimbia makwao. Mwaka 2013 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kusimamia mikutano ya hadhara, iliyowataka waandaaji kuwapelekea polisi ilani mapema, na, jambo lililowatia raia wasiwasi zaidi, ikawapa polisi, kwa kifungu cha 8, mamlaka ya kuuzuia ama kuuvunja mkutano. Ilhali mwaka 2008 Mahakama ya Katiba, katika shauri la Muwanga Kivumbi, ilikwisha kubatilisha mamlaka mfano wa hayo! Machi 2020 mahakama hiyo ikakitengua na kifungu hicho.

Lakini hukumu, kwa dhana yangu, huchelewa kumfikia koplo. Na mkimbizi je? Ibara ya 29 ya Katiba humpa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani, bali Sheria ya Wakimbizi ya 2006 yamkataza siasa. Basi wakikusanyika kulalamikia posho ya chakula, hiyo ni siasa ama ni njaa?