Kilebu wako amekonda? Usikimbilie nyama mbichi kabla ya kusoma hii

Pita Milimani hapa Nakuru jioni, hasa zile barabara za juu upande wa Menengai, uhesabu malango yaliyoandikwa "Mbwa Kali". Utachoka. Lakini sikia, nyuma ya baadhi ya hayo malango hakuna ukali wowote. Kuna kilebu wa wiki nane aliyejikunja karibu na tangi la maji, mbavu zake unazihesabu ukiwa barabarani, na mwenyewe anangoja akue alinde nyumba. Atalinda kwa nguvu gani?

Kama huyo kilebu ni wako, pengine umeshaambiwa dawa: nyama mbichi. Wasee wa mtandaoni wameapa. Mbwa ni binamu ya mbwa mwitu, wanasema, na mbwa mwitu hajawahi kuwasha jiko. Hiyo hoja si ya jana. Mwaka wa 1993 daktari wa mifugo kutoka Australia, Ian Billinghurst, aliandika kitabu akitetea mlo wa nyama mbichi na mifupa kwa mbwa, na tangu hapo wafuasi wameongezeka kila pembe ya dunia. Upande wa pili, mwaka wa 2012 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kilitoa msimamo wa kuwashauri watu wasiwape mbwa na paka nyama ambayo haijapitishwa kwenye moto. Kwa hivyo usidhani mabishano haya ni ya kwenu kwa ploti tu.

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliachia njiani. Ila nimelea vilebu watatu katika SQ yenye chumba kimoja, wote walifika wakiwa mifupa, na kuna mambo ambayo ningependa uyajue kabla hujatuma mtu buchari.

La kwanza: kukonda si lazima iwe njaa. Mwangalie kutoka juu, kisha mwangalie ubavuni. Kama mgongo unaonekana kama msumeno lakini tumbo limevimba kama ngoma, hapo unalisha minyoo, hulishi mbwa. Minyoo ya duara humwingia kilebu akiwa bado tumboni mwa mamake, na mingine humfikia kwenye maziwa. Yaani hata yule uliyeuziwa kwa bei ya simu mpya, mwenye jina la Kijerumani, huenda alizaliwa nayo. Ndiyo maana madaktari huanza kuwapa vilebu dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili, wakarudia kila wiki mbili hadi wiki nane, halafu kila mwezi mpaka wafike miezi sita. Sasa muulize aliyekuuzia ametoa dozi ngapi. Akianza kusema "huyu ako sawa kabisa, bro", jua jibu ni sufuri.

Inua mdomo uangalie ufizi. Unafaa kuwa wa waridi. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu imepungua, na wanaoinywa ni minyoo, viroboto au kupe. Na kama anatapika, anahara damu na amekataa kula, funga hii makala umpeleke kwa daktari sasa hivi, usingoje kesho. Hiyo inaweza kuwa pavo, na pavo humaliza kilebu ndani ya siku chache. Nyama haitamsaidia.

Nikisema daktari simaanishi jamaa wa duka la dawa za ng'ombe anayekisia dozi kwa macho. Namaanisha aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Nakuru hatuna kisingizio kikubwa: hata kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro hapo, safari ya matatu tu. Ukienda, uliza pia chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, na kilebu wako ni sehemu ya hiyo hesabu, hata kama hajawahi kutoka nje ya lango.

Haya, minyoo imetoka. Sasa chakula.

Pima uzito kwanza, kwa sababu macho ya mwenye mbwa hudanganya. Huna mizani? Wale jamaa wa mizani ya kidijitali mjini wapo. Panda ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa hesabu. Utalipa mara mbili na watu watacheka, lakini utaondoka na namba. Chukulia ana kilo nne. Kilebu wa umri huo anayekua anahitaji takriban kalori 600 kwa siku, karibu mara mbili ya mbwa mzima wa uzito sawa. Wanaolisha nyama mbichi hutumia kanuni rahisi: kama asilimia kumi ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 400 hivi, ukigawa mara nne. Usimpe zote kwa mpigo ukidhani unamhurumia. Mwili uliozoea njaa ukishtuliwa na karamu huharisha, na akiharisha anapoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho. Mbadilishie polepole kwa siku saba hadi kumi, ukichanganya na alichozoea.

Kosa ambalo naliona zaidi kwa wanaoanza ni kumpa kilebu nyama tupu. Steki kila siku, anang'aa manyoya, mwenyewe anajipiga picha naye. Baada ya wiki kadhaa miguu ya mbele inapinda, kilebu anachechemea, na siku moja anaruka kutoka kwenye ngazi mfupa unavunjika. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu sana, kwa hivyo mwili hukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa ile ile unayotaka iwe imara. Mbwa mwitu wa mtandaoni hula mnyama mzima, ndugu yangu, hali nyama laini pekee. Ndiyo maana mlo mbichi uliopangwa vizuri huwa na shingo za kuku au mifupa mingine laini, na ini kidogo. Kidogo! Ini likizidi, vitamini A huwa sumu.

Na mifupa ikishapikwa, usimpe. Ile ya nyama choma ya Jumapili, ambayo kila mgeni hutaka kumrushia, hupasuka vipande vyenye ncha na inaweza kumtoboa utumbo. Hata usiku wa kuamkia mwaka mpya, kataa.

Sasa tuje mahali ambapo mimi na wale wa mtandaoni tunaachana. Nyama wanayoizungumzia wao imetoka kwenye friza ya duka kubwa. Yako inatoka wapi? Tuambiane ukweli: wengi tunanunua "ya mbwa". Mapafu, matumbo, vipande vya ini ambavyo mkaguzi alivikataa, vinauzwa nyuma ya kichinjio bila muhuri na bila risiti. Humo ndimo tegu wa haidatidi hupitia. Mbwa anakula kiungo chenye vifuko vya tegu huyo, tegu anakomaa kwenye utumbo wake, mayai yanatoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Mbwa mwenyewe haonyeshi dalili. Mtoto wa dadako anamkumbatia, anaweka mkono mdomoni, na miaka baadaye ana uvimbe wa maji kwenye ini au pafu unaohitaji upasuaji. Turkana iliwahi kurekodi viwango vya ugonjwa huu vilivyo miongoni mwa vya juu zaidi duniani, hadi shirika la AMREF likaanzisha mradi wa kuudhibiti miaka ya 1980.

Na kuna nyama ya ng'ombe "aliyejifia". Usiguse. Mwaka wa 2015 kimeta kiliua nyati hapa hapa katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Viini vya kimeta hukaa ardhini miaka mingi, na anayeikata nyama hiyo ndiye wa kwanza kuhatarisha ngozi yake.

Halafu salmonela. Mbwa anaweza kuibeba bila kuugua huku akiiacha kwenye bakuli, sakafuni na mdomoni. Friza haiiui, inailaza tu. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, mama mjamzito au mzee, hesabu inabadilika kabisa.

Kwa hivyo msimamo wangu, na unaweza kunirushia mawe: kilebu aliyekonda, kinga yake ikiwa chini, mpikie. Kanuni nyingine za mlo huo zibaki. Nunua nyama yenye muhuri, chemsha vizuri, na viungo vya ndani vitokote muda mrefu. Badala ya mifupa, saga maganda ya mayai yaliyokaushwa yawe unga: kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya nyama. Omena ni mali safi. Huliwa mzima na mifupa yake. Loweka, osha mchanga wote, chemsha bila chumvi. Ongeza yai, viazi vitamu au ugali kidogo, maana kilebu aliyekonda anahitaji nguvu ya haraka pia. Kitunguu hapana, hata kile kilichobaki kwenye mchuzi. Na huu ni mlo wa kumwinua tu. Mpango wa miezi ijayo mwonyeshe daktari, hasa kama ni wa jamii kubwa kama German Shepherd, kwa sababu hao hata kalsiamu ikizidi huharibika viungo.

Ukisisitiza mbichi, basi ngoja apone, nunua nyama ya kuliwa na watu, weka ubao na kisu chake pembeni, osha bakuli kwa sabuni kila baada ya mlo, na umpe dawa ya tegu kwa ratiba ya daktari.

Mpime kila wiki, siku ile ile, kabla ya kula. Huyu wangu wa mwisho wiki ya kwanza hakuongeza chochote, ya pili akaongeza gramu mia tatu, ya tatu akaanza kung'ata viatu. Unataka uzihisi mbavu ukimpapasa lakini usizione. Kama wiki mbili zimepita, dawa ya minyoo amepata, anakula vizuri na mizani haijasonga, chukua kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye mkebe safi wenye kifuniko ukipeleke maabara kupitia daktari wako. Andika saa kwenye mkebe. Na tafadhali, usiupande nao matatu ukiwa mkononi, uweke kwenye mfuko.