Shujaa Mwenye Makosa: Tumpende au Tumkatae?

Masika yaliyopita mvua zilitufungia ndani kila jioni. Basi nikaanza kuwasimulia watu wa nyumbani kwa kaka yangu hadithi ya kitabu kimoja kikubwa, kipande kwa kipande, kila Jumapili baada ya chakula. Majirani nao wakaja, mmoja mmoja, na vigoda vyao. Jumapili mbili za kwanza walisikiliza kimya. Jumapili ya tatu, nilipofika mahali pale ambapo shujaa wa hadithi anamwua mtumwa wake mzee, mama yetu, ambaye nyumbani sote twamwita Bibi, akanyosha mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Huyu ndiye shujaa wetu, ama masikio yangu yamezeeka?"

Nikamjibu kwamba ndiye.

"Basi mimi nakwenda kulala."

Lakini hakwenda. Alibaki abishane, nasi sote tukabishana mpaka taa ikaishiwa mafuta.

Wasomaji wapenzi, mabishano hayo si ya nyumba moja tu. Wengi wenu mwasoma hadithi za mapenzi ya zamani, zenye wafalme na vita na wachumba wanaotenganishwa. Nanyi mmekwisha ona kwamba katika nyingi ya hadithi hizo kijana anayependwa mwishoni huwa mtu mbaya mwanzoni: mlevi, mkali, mwenye kiburi. Wasomaji wengine humpenda kwa sababu hiyo hiyo. Wengine hukifunga kitabu wasikifungue tena. Je, nani ana haki?

KITABU CHENYEWE

Kitabu tulichokuwa tukisimuliana chaitwa "Quo Vadis", maneno ya Kilatini yenye maana "Unakwenda wapi?" Mwandishi wake ni Henryk Sienkiewicz, mtu wa Polandi. Hadithi hii ilianza kutoka gazetini mwaka 1895, ikatoka kama kitabu mwaka 1896. Siku zile nchi yake haikuwamo katika ramani. Tangu 1795 ilikuwa imegawanywa na Urusi, Prusia na Austria, wala haikurudi kuwa nchi huru mpaka 1918. Sienkiewicz aliandika habari za kale ili kuwatia moyo watu wake waliotawaliwa. Mwaka 1905 alipewa tuzo ya Nobel, na mwaka 1951 Wamarekani walifanya filamu kubwa ya hadithi hii.

Mambo yake yatokea mjini Roma, zamani za Kaisari Nero, karibu na mwaka 64 mji ule ulipoungua. Marcus Vinicius ni askari kijana wa ukoo mkubwa, ametoka vitani. Anamwona Lygia, binti wa mfalme wa kabila la mbali, aliyetolewa kwa Warumi awe rehani ya amani, akalelewa kama mtoto wa kuzaa katika nyumba ya jemadari mzee Aulus Plautius. Binti huyu ni Mkristo kwa siri.

Sasa tazameni matendo ya shujaa wetu. Haendi kuposa. Anapanga shauri na mjomba wake Petronius, na kwa amri ya Kaisari binti anaondolewa kwa wazazi wake ili aje kukabidhiwa kwa Vinicius kama mali. Katika karamu ya Nero, Vinicius amelewa, anamshika Lygia kwa nguvu, naye anaokolewa na Ursus, mtumishi wake mwenye nguvu za ajabu. Kesho yake binti anapopelekwa nyumbani kwa Vinicius, Wakristo wanamnyakua njiani. Mtumwa mzee Gulo, aliyembeba Vinicius mikononi utotoni, anakuja akivuja damu kumweleza kwamba walijitahidi kumlinda wakashindwa. Vinicius anashika taa ya shaba anampiga nayo kichwani, naye mzee anakufa pale pale.

Hapo ndipo Bibi aliponyosha mkono.

WALIYOSEMA WASIKILIZAJI

Kwanza Bibi mwenyewe. "Mtu aliyemwua mzee aliyembeba," alisema, "hata akilia mwaka mzima mimi simwiti shujaa. Mwiteni mwenye kutubu, nitakubali. Shujaa ni neno jingine." Yeye alimchagua Ursus. Tukamkumbusha kwamba hata Ursus aliua watu kwa mikono yake. Akajibu: "Aliua akimtetea binti, tena alihuzunika. Yule mwingine aliua kwa hasira ya kunyang'anywa alichoiba."

Wa pili ni mpwa wangu aliyemaliza shule ya sekondari. Yeye alikuwa upande wa Vinicius kabisa. "Shujaa asiye na kosa hata moja ni kama sanamu," alisema. "Namheshimu, lakini sijioni ndani yake. Huyu najiona. Nami nina hasira. Nataka kujua kama mtu wa namna yangu aweza kufika mahali."

Wa tatu ni katekista, jirani yetu. Alikumbusha kwamba Maandiko hayafichi makosa ya watu wakubwa. Mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akamfanyia shauri Uria afe vitani, na nabii Nathani akamwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu yule." "Na katika kitabu hiki," alisema, "ni nani anayembatiza Vinicius? Ni Petro, yule yule aliyemkana Bwana mara tatu. Mwandishi alijua anachofanya."

Wa nne ni shemeji yangu, mke wa kaka. Alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua uso. "Ninyi mwasema habari ya toba ya kijana," alisema. "Nani asemaye habari ya Gulo? Gulo hakufufuka. Tena binti zetu wamekaa hapa wanasikiliza. Watadhani kila mwanaume mkali ni Vinicius, ila hajapata mke wa kumtuliza. Huo mtego umekwisha nasa wengi."

Tukanyamaza. Sote tulijua kwa nini alisema hivyo, nami nitaeleza mbele kidogo.

TULISOME TENA

Wiki ile nilikirudia kitabu peke yangu, nione kama kweli chawafundisha binti zetu kuvumilia ukali. Nikaona mambo matatu ambayo msomaji mwenye haraka hupita bila kuyatazama.

La kwanza: Lygia anakimbia, tena mara mbili. Mara ya kwanza akiwa hana budi. Mara ya pili ni jambo la kushangaza zaidi. Amekwisha muuguza Vinicius, amekwisha kuona moyoni kwamba ampenda, na kwa sababu hiyo hiyo anaondoka, kwa kuwa kijana bado hajawa mtu wa kuishi naye. Anamwachia msalaba mdogo wa vijiti tu. Hakusema, "Nitaolewa naye, kisha nitambadilisha."

La pili: Vinicius habadilishwi na uzuri wa binti. Uzuri ule ndio uliomfanya mwizi! Anaanza kubadilika nguvu zake zilipovunjika. Anakwenda usiku na mpiganaji Croton kumteka Lygia. Ursus anamwua Croton, na Vinicius anavunjika mkono. Wakristo wangeweza kumwacha afe, maana akipona aweza kuwaletea askari. Badala yake wanamfunga mkono na kumlaza kitandani. Mganga wao Glaucus amesalitiwa zamani na mtu aitwaye Chilo, akapoteza mke na watoto, naye anamsamehe Chilo mbele ya macho ya mgonjwa. Vinicius hajapata kuona jambo kama hilo. Yeye kwa kosa dogo ameua.

La tatu: badiliko lake laonekana kwanza kwa watu wasioweza kumlipa. Anarudi nyumbani bila taarifa, anawakuta watumwa wamelewa na kufanya karamu kwa mali yake. Wanajua watapata adhabu kali. Anawasamehe, na tangu siku ile wanamtumikia vizuri kuliko zamani. Lakini mwandishi hadanganyi kwamba mambo yalikwisha siku moja. Baada ya hapo Chilo anamletea shauri baya la kumkamata Lygia, naye kwa hasira anaamuru apigwe mijeledi. Tabia ya zamani haifi upesi, na kipigo kile kilizaa chuki iliyowagharimu Wakristo wengi baadaye.

Baada ya moto wa Roma, Lygia anatiwa gerezani. Vinicius, bwana mkubwa, anajiandikisha kuwa mchukuzi wa maiti kusudi apate kuingia gerezani amwone. Mwishowe Lygia anafungwa juu ya fahali mkubwa uwanjani, na Ursus anamvunja shingo mnyama yule kwa mikono mitupu. Vinicius anashuka uwanjani, anararua nguo, anawaonyesha watu makovu yake ya vita, akiomba huruma. Mtu aliyezoea kuamuru sasa anaomba.

VITABU VINGINE VIWILI

Sienkiewicz alikuwa amekwisha jaribu jambo hili katika kitabu cha mwaka 1886 kiitwacho "Potop", yaani Gharika, juu ya vita vya Waswidi nchini Polandi mwaka 1655. Shujaa wake Andrzej Kmicic ni mbaya zaidi. Anaongoza kundi la wahuni, anachoma kijiji cha majirani wa mchumba wake Oleńka, anamteka binti mwenyewe, kisha anaungana na msaliti wa nchi. Oleńka anamkataa. Basi anabadili jina, aanze kama mtu asiyejulikana, analinda monasteri ya Jasna Góra na kulipua mzinga mkubwa wa adui. Mwishoni barua ya mfalme inasomwa kanisani, mbele ya watu wale wale aliowakosea. Angalieni: alikosa hadharani, akasafishwa hadharani, baada ya kazi ya miaka.

Mwitaliano Alessandro Manzoni aliandika kwa njia nyingine. Kitabu chake "I promessi sposi", yaani Wachumba, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1827. Humo mna bwana mwovu asiyetajwa jina, anayemteka msichana Lucia. Usiku ule machozi ya Lucia yanamchoma moyo, anatubu kabisa mbele ya Kardinali Borromeo, anamwachilia. Lakini hampati Lucia! Lucia anaolewa na Renzo, mchumba wake maskini, ambaye naye ana makosa yake ya hasira na kikombe. Nilipolisimulia hilo, shemeji aliweka ungo chini. "Huyo mwandishi ana akili," akasema. "Toba si posa. Mtu atubu, asamehewe, aende zake. Si lazima apewe binti wa mtu."

Mpwa wangu hakukubali. Alisema kama Mungu amesahau kosa, mwanadamu ni nani alikumbuke? Katekista alimjibu kwamba kusamehe na kukabidhi ni mambo mawili. Waweza kumsamehe mwizi leo, na funguo za ghala usimpe mpaka umjue.

ALIYOSEMA BINTI

Sasa nieleze nilichoahidi. Siku zile nyumbani kwa kaka palikuwa na shauri la posa. Kijana mwenyewe ni fundi seremala, hodari wa kazi, mwenye heshima mchana. Lakini akinywa hushika ngumi, na siku moja alimpiga msaidizi wake mpaka akamng'oa meno mawili. Alituma neno kwamba akioa atatulia. Wazee wengine walilipokea neno hilo kwa furaha, wakisema ndoa humkomaza mtu.

Binti alikuwa amesikiliza hadithi zote, jioni zote, hasemi neno. Jumapili ya mwisho aliniambia mbele ya wote: "Baba mdogo, Lygia hakungoja ndani ya nyumba ya Vinicius mpaka Vinicius ageuke. Alitoka kwanza. Vinicius aligeuka Lygia hayupo."

Kaka yangu alimtazama bintiye kwa muda. Wiki ile ile akawajibu washenga kwamba posa haikukataliwa wala haikupokewa. Mwaka mmoja upite. Tena kijana aanze kwa kwenda kwa yule aliyempiga, si kwa kuja kwetu.

Habari nilizo nazo ni kwamba amekwisha mlipa msaidizi gharama za hospitali, na kumwomba radhi mbele ya mzee wao. Habari ya pombe bado. Mwaka haujaisha.

Basi, wazazi, mimi naona tusiwakataze vijana hadithi zenye mashujaa wenye makosa. Watakutana na watu wa namna hiyo hata wasiposoma. Lakini tusome pamoja nao, tuwaulize: Kosa limeitwa kosa, au limepambwa? Nani aliumizwa, naye alipata nini? Mtu huyu alibadilika kwa maneno au kwa matendo, kabla ya kupewa binti au baada yake? Kitabu kizuri kitajibu. Kitabu kibaya kitaharakisha arusi.

Bibi bado hajakubali neno langu la shujaa. Kila jioni, tukitaja nia za rozari, yeye humtaja Gulo. Nilimwambia kwamba Gulo ni mtu wa kitabu tu, hakupata kuishi. Akanijibu: "Waliokufa hivyo ni wengi, mwanangu, wala hakuna aliyewaandika."

Nanyi majumbani mwenu, mwaonaje?