Jiwe la Juu la Kusagia

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:6, Matendo ya Mitume 18:1–3

Ndugu msikilizaji, kama uko jikoni unapika uji, usiache kazi yako. Endelea kukoroga huku ukisikiliza, maana habari ya leo yahusu unga.

Mwaka jana alihamia jirani mpya karibu na nyumba ya mchungaji hapa kwetu. Kiwanja kilichokaa kitupu miaka mingi, mahali watoto walipochezea mpira, kilijengwa kibanda cha mabati, na ndani yake kikawekwa kisiagi. Mwenye kisiagi ni kijana, ana mke na watoto wawili, naye ametoka nchi ya Gusii, mbali sana na sisi tukaao kando ya barabara ya Mombasa. Mji wetu ni mdogo. Mgeni huonekana siku ile ile ashukapo garini, na kabla jua halijatua watu wamekwisha kumpa sifa zake zote, njema na mbaya, naye hajafungua kinywa.

Nami nilimpa zangu. Kwanza, kelele. Mahindi yakianza kupigwa na zile nyundo za chuma ndani ya mashine, utadhani mvua ya mawe yanyesha juu ya bati. Pili, vumbi jeupe juu ya nguo zilizoanikwa. Tatu, na hili ndilo lililonichoma, alisaga siku ya Jumapili. Jumamosi, siku ambayo kila mama ataka unga, mlango wake una kufuli. Jumapili, hatujamaliza wimbo wa kwanza, mota hiyo yaunguruma! Nilisoma Injili kwa sauti kama mnadi wa sokoni. Nikasema moyoni, mtu huyu atudharau, tena amdharau Mungu.

Akina mama nao walikuwa na lao. Walisema anaiba unga. Mtu apeleka gorogoro tano za mahindi ya kukobolewa, arudi nyumbani apime, aone zimepungua sana. Maneno hayo yalisemwa kisimani, yakasemwa sokoni, na nasikitika kusema kwamba yalisemwa hata katika mkutano wa maombi.

Basi halmashauri ya kanisa ilikutana, tukakubaliana kumwandikia chifu barua ili kisiagi kiondolewe mahali pale. Mimi ndimi niliyeiandika. Ilikuwa barua safi, yenye muhuri wa kanisa, nami nikaipeleka mwenyewe. Chifu aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaniuliza, "Mchungaji, yeye mwenyewe alisema nini mlipozungumza naye?"

Nilikosa la kujibu. Kisiagi kilikuwa na miezi mitatu pale, hatua arobaini kutoka mlango wangu, nami sikuwa nimepata kusimama na mtu yule tukaamkiana. Mahindi yetu hupelekwa na watoto. Katika Mathayo sura ya 18 Bwana Yesu aagiza kwamba ndugu akikukosea, uanze kwa kumwendea, wewe na yeye peke yenu. Nimeifundisha sura hiyo mara nyingi. Lakini sisi tulianzia kwa chifu! Nilimwomba anirudishie barua, nikaitia mfukoni.

Jioni ile nilikuwa natayarisha somo kutoka Torati, nikafika mahali ambapo nimepapita mara nyingi bila kusimama. Ni mstari wa 6 wa sura ya 24. Mungu awakataza Waisraeli: mtu akikopesha, asichukue mawe ya kusagia kuwa rehani, hata lile jiwe la juu peke yake, kwa sababu atakuwa amechukua uhai wa mwenzake. Yafaa tuelewe jambo lenyewe. Katika Israeli kila nyumba ilikuwa na mawe mawili. La chini lilikaa mahali pake, na la juu lilisukumwa kwa mkono mbele na nyuma. Unga haukuwekwa kwa mwezi mzima. Ulisagwa siku kwa siku, na sauti ya mawe asubuhi ilikuwa ishara kwamba nyumba ile ina chakula. Sasa chukua jiwe la juu. Hukuvunja nyumba, hukuiba gunia, umechukua jiwe moja tu. Lakini lililobaki halisagi kitu, na jioni watoto watalala njaa. Ndiyo maana sheria yasema jiwe ni uhai.

Ndugu yangu, niliuweka mkono juu ya barua ile mfukoni. Tuliandika kwa maneno ya adabu kwamba kisiagi kihamishwe. Kumbe tulikuwa tunaomba tupewe jiwe la juu la mtu ambaye jina lake sikulijua. Katika barua nilikuwa nimemwita "mwenye mashine".

Siku ya pili jioni, wateja walipokwisha, nilikwenda. Sikubeba mahindi. Hilo laonekana dogo, lakini mfanyabiashara amezoea kwamba kila aingiaye kwake ataka kitu. Akaniuliza, "Mahindi yako wapi, Mchungaji?" Nikamwambia, "Sina mahindi. Nimekuja kukuamkia, jirani. Nimechelewa miezi mitatu." Aliupangusa mtungi mmoja wa plastiki kwa kiganja, akaupindua, akanipa niketi.

Tulizungumza mpaka usiku. Kwanza nilijua kwa nini hufunga Jumamosi. Ni Msabato. Msikilizaji ajuaye Gusii atanicheka hapa, maana Wasabato wamejaa kule tangu zamani. Mtu yule hakuidharau Jumapili yetu. Alikuwa akiishika sabato yake, tena kwa hasara, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ambayo angepata pesa nyingi. Nilijiuliza ni wangapi kati yetu wangefunga duka siku ya soko kwa ajili ya Bwana.

Habari ya unga nayo alinieleza bila hasira. Alikuwa amezisikia shutuma. Mahindi ya kukobolewa hupita kwanza katika mashine iondoayo ganda, nayo pumba hutoka upande wake. Ukiondoa pumba, lazima kipimo kipungue. Halafu unga utokapo kisiagini una joto. Joto lile hukausha maji yaliyokuwa ndani ya punje, yakaenda zake kwa mvuke. Mwingine hubaki katika mfuko na katika bomba, na mwingine ndio lile vumbi la nguo zetu. "Pumba ni zao," akasema. "Mama akizitaka kwa kuku wake namfungia. Lakini hakuna aliyepata kuniuliza." Torati yachukia mizani ya hila, na ni haki yetu kumwuliza mwuzaji juu ya kipimo chake. Lakini kumwuliza ni jambo moja, na kumsema kisimani ni jambo jingine kabisa.

Akanieleza pia hesabu zake. Mota aliinunua kwa mkopo. Umeme hununua kwa tokeni, yaani hulipa kabla hajasaga hata punje moja. Kwa kila gorogoro apata shilingi kidogo, na kati ya hizo ni lazima atoe za umeme, za mkopo, za kodi ya kiwanja, na nyundo zikilika anunue nyingine. Ndipo watoto wale.

Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Akanyosha mkono juu ya rafu, akachukua daftari la shule, akalifungua kwa haya. Akasema, "Mchungaji, kwa kuwa umekuja, labda wewe wajua nimwulize nani habari hii." Nikasoma. Kanisa, matanga, magunia mawili, shilingi 900. Tulipomzika mzee wetu mmoja, wapishi walipeleka mahindi yasagwe kwa ajili ya waombolezaji, wakasema kanisa litalipa. Kanisa halikulipa. Alikuwa amekaa na deni letu majuma saba, akisikia akiitwa mwizi na watu waliokula ugali wa unga ule.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tulikopa kwenye matanga penyewe, na kulipa tukasahau. Mtume Paulo, katika Warumi 13, hataki Mkristo awe na deni lolote kwa mtu isipokuwa lile la kupendana. Nilikuwa nimekwenda pale, kwa kweli, nikijiona mtu mwema ambaye amekuja kusamehe kelele.

Sasa sikia habari ya Paulo huyo huyo. Katika Matendo 18 afika Korintho, mji wa biashara wenye bandari mbili, moja kila upande, uliojaa watu wa kila taifa. Hapo walikuwako wageni wengine, Akila na Prisila mkewe, waliofukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wenzao kwa amri ya Kaisari Klaudio, yapata mwaka 49. Walikuwa mafundi wa mahema. Paulo hakungoja waje sinagogi. Aliwaendea, na kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Yeyote aliyepata kufanya kazi na mtu kutwa nzima ajua kwamba hapo ndipo mtu hujulikana: akosewapo na mteja, uzi ukatikapo, pesa zisipokuja. Katika urafiki ule ulioanza kazini tunaona baadaye Apolo akifundishwa Neno kwa usahihi, kanisa likikutana nyumbani mwa mafundi wale, na wenyewe wakihatarisha maisha yao kwa ajili ya Paulo. Hayo yote yaliandikwa. Lakini siku ya kwanza kulikuwa na ngozi au kitambaa, sindano, na mtu aliyepiga hodi.

Labda karibu nawe kuna fundi wa baiskeli aliyefungua juzi, au mama wa mboga, au kijana wa duka la simu. Wajua bei zake zote. Je, wajua jina lake? Nenda siku moja bila kikapu. Na kama una deni kwake, ndugu, anza na hilo.

Jumapili iliyofuata nilisimama baada ya matangazo nikawaeleza washirika habari ya shilingi 900. Kanisa lilinyamaza sana. Deni lililipwa siku ile ile, na akina mama wawili walikwenda wenyewe kuomba radhi. Wengine huniuliza kama jirani yangu sasa ameingia kwetu. Hapana. Ana kanisa lake. Lakini mtoto wangu alipougua usiku, mkewe ndiye aliyetangulia kufika, na kikombe cha uji mkononi.

Kisiagi huvuma Jumapili mpaka saa nne kasorobo, kisha hunyamaza mpaka saa sita tutokapo. Hatukumwomba, alipanga hivyo mwenyewe. Nasi siku hizi twajitahidi kumaliza kwa wakati, maana kuna watu wamesimama nje na magunia. Mzee mmoja wa halmashauri angali aona kwamba ningemwachia chifu barua ile. Mahindi yake husagwa pale pale.

Mungu akubariki, mpaka juma lijalo.