Prado ya zamani: fedha ianzie kwenye rejeta, si kwenye winchi

MWENYE duka la pembejeo mjini Morogoro ambaye pia analima mpunga Dakawa anahitaji magari mawili ndani ya gari moja. Jumatatu hadi Ijumaa gari hilo linapeleka watoto shule, linapita benki na kuzungukia wateja kwenye lami. Jumamosi linatakiwa kuiacha barabara kuu ya Dodoma na kuingia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wakati wa masika hunata hadi meno ya tairi hayaonekani tena.

Wachache wana uwezo wa kumiliki magari mawili. Wengi hununua, au hubaki nalo, gari moja la zamani linalovuta kwa magurudumu yote manne, kisha wakaliboresha kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Swali ni kuboresha nini kwanza, maana fedha inayoingia gereji ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inunue mbolea ya kukuzia.

Gari linaloonekana sana katika kazi hii ni Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 90, iliyotoka kiwandani kati ya mwaka 1996 na 2002. Hata iliyo changa kuliko zote katika toleo hilo ina zaidi ya miaka 20. Sheria za uingizaji magari nazo zimechangia watu kuendelea kuyatunza yaliyopo. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari dogo lililozidi umri uliowekwa, na Kenya haipokei kabisa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8.

Sababu za kupendwa kwake zinaeleweka. Bodi imekaa juu ya chesisi inayojitegemea, springi ni za koili mbele na nyuma, ekseli ya nyuma ni nzima, na ipo gia nzito ya kutokea kwenye matope. Spea zake hazihitaji kuagizwa mbali; Kariakoo na Ilala zipo, mpya na za mtumba, na mafundi wengi wa mikoani wanaijua.

Hata hivyo, kinachofanyika mara nyingi ni kuanza na mapambo. Gari linatoka gereji na bampa la chuma, winchi, taa za ziada juu ya paa na matairi yenye meno kama ya trekta, huku rejeta ikiwa ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani, imeziba kwa vumbi na makapi ya mpunga. Wiki ya mavuno linachemsha njiani, mpunga umeanikwa shambani na wingu limetanda.

Joto huua injini

Prado nyingi za toleo hili zina injini ya dizeli ya 1KZ-TE, ya lita 3 na yenye tabo. Ni injini ngumu, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma, na metali hizo mbili hazitanuki sawasawa zikipata moto. Injini ikichemsha, hata kwa dakika chache, hedi inaweza kupinda au kupasuka. Dalili zinajulikana: maji yanapungua bila kuonekana yanakovujia, mapovu yanatoka kwenye rejeta, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu asubuhi muda mfupi tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza inapaswa kwenda kwenye mfumo wa kupooza injini. Rejeta ifunguliwe na kusafishwa, na kama mapezi yake yameoza ibadilishwe. Thamostati iwe mpya, pamoja na mipira yote ya maji na kifuniko cha rejeta. Pampu ya maji ikaguliwe, na klachi ya feni ipimwe, kwani ikilegea feni huzunguka bila nguvu na gari huchemsha kwenye foleni au kwenye mlima wa mwendo mdogo. Kulenti si dawa ya nchi za baridi peke yake. Huzuia kutu ndani ya injini na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Tabia ya kung'oa thamostati "ili injini ipoe" haifai. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na husagika mapema.

Mshale wa joto kwenye dashibodi usiaminiwe sana. Hukaa katikati kwa kipindi kirefu hata joto likibadilika, na ukianza kupanda mara nyingi hali imeshaharibika. Kipimo cha ziada cha joto au kengele ya kuonya maji yakipungua ni kifaa kidogo, na kwa injini hii kinafaa kuliko taa zote za paa.

Katika Prado zenye gia za otomatiki kuna jambo jingine. Oili ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo ya injini. Rejeta ikioza ndani, maji na oili huchanganyika, na gia boksi hufa bila kelele. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: kijiti cha oili ya gia kichomolewe na rangi iangaliwe. Ikiwa imegeuka kuwa na ukungu kama imetiwa maziwa, gari lisitembee tena hata hadi gereji, livutwe.

Mkanda wa taimingi nao unastahili kubadilishwa kila kilometa 100,000. Kwa gari la mtumba, ambalo namba zake za kilometa haziwezi kuthibitishwa, ubadilishwe mara tu gari linaponunuliwa na tarehe iandikwe.

Miguu kabla ya urefu

Chini ya gari, sehemu ya kuogopwa ni bolijointi za chini za mbele. Katika muundo wa Prado hii zimekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unazivuta, hivyo zikichakaa sana zinaweza kuchomoka na gurudumu likalala ubavu. Kwenye kasi ya barabara kuu hiyo ni ajali ya kuua. Bolijointi, bushi na shokapu zilizochoka zibadilishwe kabla ya kufikiria kulinyanyua gari, na hapa haishauriwi kununua spea ya bei ya chini kabisa.

Baada ya hapo, kulinyanyua kwa sentimeta 4 hadi 5, kwa springi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, kunatosha kwa njia za mashambani. Zaidi ya hapo jointi za shafti za mbele hufanya kazi kwenye pembe kali, mipira yake huchanika, vumbi likaingia, na gari likaanza kuyumba kwenye lami. Njia ya mkato ya kuweka vipande vya chuma juu ya springi zilizochoka hulipa gari urefu, lakini springi inabaki ile ile iliyochoka.

Kuna kitu kimoja ambacho mafundi wengi hukisahau. Baadhi ya Prado zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, inayopima mzigo. Gari likinyanyuliwa, valvu hiyo "huamini" kuwa gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama ndani kuna magunia. Baada ya kunyanyua, irekebishwe, na alaimenti ifanyike upya.

Tairi sahihi ni la siku nyingi

Tairi ndilo linaloamua zaidi kuliko kifaa kingine chochote kama gari litafika, na hapa hesabu inatakiwa kuwa ya kweli. Mtu anayekwenda shamba mara mbili kwa mwezi ana safari 24 kwa mwaka. Ukiondoa miezi ya kiangazi, siku atakazokutana na matope halisi huenda zisizidi 10. Siku nyingine zote yuko kwenye lami, changarawe au vumbi. Matairi ya matope, yale yenye alama ya M/T, yanamfaa siku hizo 10, na siku zilizobaki yanamlia masikioni, yanaisha haraka kwenye lami na hayashiki vizuri mvua inaponyesha mjini. Ya lami tupu nayo yatamwacha kwenye kona ya kwanza ya udongo mweusi. Yenye alama ya A/T, ya njia zote, ndiyo yanayombeba mwaka mzima.

Ukubwa nao una gharama. Saizi ya kawaida ya Prado nyingi za toleo hili ni 265/70R16. Wengi hupanda hadi 265/75R16, ambayo ina kipenyo kikubwa kwa asilimia 3.4. Gari linapata urefu wa milimita 13 tu kutoka chini, na spidomita ikisoma 80, mwendo wa kweli unakaribia 83. Kilometa za kumwaga oili nazo zinahesabiwa pungufu. Si dhambi kupanda saizi hiyo moja, lakini kuipita ni kuichosha injini na breki bila faida ya maana.

Ikumbukwe kuwa Prado hii huvuta kwa magurudumu yote muda wote. Matairi manne yawe ya saizi moja na yaliyochakaa kwa kiasi kinacholingana, vinginevyo difu ya katikati inafanya kazi isiyo yake. Wapo madereva wanaoacha lever kwenye HL wakiwa kwenye lami wakidhani gari linapata nguvu. HL na LL hufunga difu hiyo na ni za kwenye matope, mchanga au mawe. Kwenye lami kavu husaga gia na tairi. Upepo pia ni kifaa, tena cha bure. Tairi la kiasi cha 30 barabarani likishushwa hadi 18 hivi linakanyaga eneo pana zaidi na kupita kwenye mchanga wa mto lililokuwa limeukwama, ilimradi mwendo uwe mdogo na pampu ndogo iwepo ya kurudishia.

Uzito hula magunia

Toleo kwa toleo, Prado hii hubeba kati ya nusu tani na kilo 700, dereva na abiria wakiwemo. Bampa la chuma, winchi, keria la chuma na tangi la ziada vinaweza kwa pamoja kufikia kilo 150. Hayo ni magunia mawili ya mbegu, mbolea au mahindi yaliyobaki nyumbani, au springi zilizozidiwa kama mwenye gari ataamua kuyapakia hivyo hivyo.

Mafuta nayo hayasamehe. Tuseme gari linatembea kilometa 20,000 kwa mwaka, nyingi za mjini, na lilikuwa likitumia lita 12 kwa kilometa 100. Keria tupu lililosahauliwa juu ya paa, matairi mazito na chuma cha mbele vikiongeza lita moja na nusu tu, mwenye gari atanunua lita 300 za ziada kila mwaka. Siku ya kuuza gari, mnunuzi atalipia injini isiyotoa moshi na chesisi isiyo na kutu. Winchi ataichukua kama nyongeza.

Kwa anayefika shambani mara chache kwa mwezi, vifaa vya kujikwamua vinaenea kwenye kiroba: kamba nene ya kuvutia, jembe, mbao mbili, jeki na ubao mpana wa kuiwekea chini ili isizame. Kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi, kamwe isiwe kwenye bampa wala kwenye kichwa cha kuvutia tela, ambacho kikikatika huruka kama risasi. Na kwa mavuno yenyewe, hesabu haijawahi kuipendelea Prado. Magunia 30 ya mpunga ni kazi ya Canter ya kukodi, safari moja, badala ya kulitesa gari la familia safari tano.

Maji ya mto

Kwenye maji, kinachoua injini ni hewa inakovutwa. Maji hayagandamiziki, na injini ikiyavuta kupitia filta ya hewa, koneti za pistoni hupinda papo hapo. Bomba la kupandisha hewa hadi usawa wa paa linasaidia, na pia hupunguza vumbi kwenye filta, lakini haliligeuzi gari kuwa mtumbwi. Maji yaliyotulia yanayofika katikati ya gurudumu yanapitika polepole kwa gia nzito, baada ya mtu kuyapima kwa miguu. Maji yanayokwenda kwa kasi hayapimwi wala hayajaribiwi. Yana uwezo wa kuinua gari lenye uzito wa tani mbili, na dereva anasubiri yapungue hata kama anayesubiriwa upande wa pili ni mnunuzi mwenye fedha mkononi.

Kazi moja hubaki baada ya kuvuka. Difu ikiwa na moto kisha ikaingia kwenye maji ya baridi, hewa ndani yake husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili au kipumulio kilichoziba. Mpira mwembamba wa kupandisha kipumulio hicho hadi chini ya boneti ni kazi ya fundi ya saa moja. Pale ambapo haujawekwa, nati ya difu ifunguliwe siku hiyo hiyo au kesho yake, na oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa imwagwe yote kabla gari halijarudi shambani.