Kompyuta Ikigoma Kuwaka: Tuokoe Amana Kwanza

Miaka michache iliyopita, sisi tuliokuwa tukitunza hesabu za madrasa moja ya hapa Ujiji tulifikwa na mkasa ambao hadi leo hatujausahau. Ilikuwa jioni ya mvua. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na wakati huo kompyuta ya madrasa ilikuwa katikati ya kujisasisha. Asubuhi yake tulipoiwasha ilionesha nembo, ikazimika, ikaanza upya, na ikaendelea hivyo hadi adhuhuri.

Tukaipeleka kwa fundi. Kijana yule aliitazama kidogo, kisha akasema: "Ustadhi, hii dawa yake ni kupiga windo tu. Njooni jioni mchukue." Hatukumwuliza maana ya kauli hiyo, wala yeye hakutuuliza humo mna nini. Jioni tulikabidhiwa kompyuta inayowaka vizuri kabisa, na ndani yake hamkuwa na kitu. Ada za wanafunzi, orodha ya mayatima na hesabu za mikopo midogo isiyo na riba waliyopewa wazazi, vyote vilikuwa vimefutwa.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, kutoka Ujiji hadi Mwanga na Kibirizi, tukiwaomba watu watukumbushe wanachodaiwa. Wengi walisema kweli, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini mdaiwa mmoja alikuwa amekwishafariki. Watoto wake wakatuuliza kwa upole: "Baba alikuwa akidaiwa shilingi ngapi, tumlipie kabla ya kugawa mirathi?" Hatukuwa na jibu.

Ndugu msomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Sisi tuliandika, lakini hatukuhifadhi. Jambo lililotuumiza zaidi tulilijua baadaye: mafaili yale yalikuwa salama hadi saa ile tulipomkabidhi fundi kompyuta.

Injini na shehena

Tuchukue mfano wa boti zinazotoka Kibirizi kwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Injini ikikataa kuwaka, nahodha huangalia mafuta, kisha plagi, kisha waya. Hatupi shehena ya abiria majini ili apate nafasi ya kufunga injini mpya. Ndani ya kompyuta, mfumo endeshi kama Windows ndio injini. Hesabu, wasia, vyeti na picha za familia ndizo shehena. Injini yaweza kuharibika na shehena ikabaki nzima. Kupiga windo ni kufunga injini mpya, na mara nyingi mafundi huifuta diski yote kwanza.

Tutambue imekwama wapi

Tukibonyeza kitufe cha kuwashia, kompyuta hupita hatua tatu. Kwanza hujikagua viungo vyake, kisha huitafuta diski yenye mfumo endeshi, na mwisho huupakia mfumo huo. Dalili hutuonesha imekwama katika hatua ipi.

Ikiwa haioneshi taa wala sauti yoyote, tatizo ni la umeme. Tujaribu soketi nyingine na chaja nyingine inayoifaa. Kwa kompyuta mpakato, tuchomoe chaja, tutoe betri kama inatoka, tubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha tuirudishie umeme na kuiwasha.

Ikiwa taa zinawaka lakini kioo ni cheusi, au inatoa milio ya kurudiarudia, huenda kadi ya kumbukumbu imelegea. Fundi aliye makini huitoa, huisafisha na kuirudisha mahali pake bila kugusa faili hata moja.

Ikiwa inaandika kwamba haioni diski ya kuwakia, tuchomoe kwanza flashi zote. Mara nyingi kompyuta huwa inajaribu kuwaka kutoka kwenye flashi iliyosahauliwa. Lakini diski ikisikika ikigonga au kukwaruza, tuizime mara moja. Kila dakika inayoendelea kuzunguka yaweza kuongeza uharibifu.

Ikiwa inafika kwenye nembo kisha inarudi nyuma, kama ilivyokuwa yetu, kwa kawaida kasoro ni ya mfumo wenyewe. Kompyuta ya Windows ikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Hapo tuchague "Startup Repair", na isipofaa tujaribu kuondoa sasisho la mwisho, au kuiwasha kwa "Safe Mode". Tusichague chochote kinachosema kitafuta kila kitu.

Funzo la Julai 2024

Yaliyotupata Ujiji yaliupata ulimwengu siku ya Ijumaa, Julai 19, 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Ndege zilikwama viwanjani, na hospitali na benki zikasimamisha huduma. Dawa haikuwa kuzifuta. Mafundi walizifungua kompyuta nyingi kwa njia ya usalama, wakaondoa faili moja tu lenye kasoro, zikawaka.

Palikuwa na kikwazo kimoja kinachotuhusu sisi pia. Kompyuta nyingi za kisasa hufunga diski kwa kufuli liitwalo BitLocker, na lisipokuwa na ufunguo wake wa tarakimu 48, hata fundi hodari hawezi kuyafikia mafaili. Tuutafute ufunguo huo leo, kompyuta ikiwa nzima, tuuandike kwenye karatasi na kuuweka pamoja na hati za nyumba.

Kabla ya kupiga windo

Matengenezo yakishindikana, bado shehena yaweza kuokolewa. Mfumo wa bure kama Ubuntu huwekwa kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine, na kompyuta iliyogoma huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo. Tuchague kuujaribu tu, si kuusakinisha. Mafaili yataonekana, nasi tutayanakili kwenye diski ya nje. Vinginevyo, fundi aweza kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nzima. Tumwambie waziwazi: "Toa mafaili kwanza, tuyaone kwa macho yetu, ndipo upige windo." Na mmoja wa familia akae hapo kazi ikifanyika, kwa kuwa humo mna stara za nyumba.

Kinga nayo isisahaulike. Mkoa wetu uliishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na hadi leo radi za mvua hazibishi hodi. Mawingu yakitanda juu ya ziwa, tuchomoe waya ukutani. Tusianze kusasisha kompyuta yenye betri mbovu. Kila mwisho wa wiki tunakili hesabu kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na madeni tuyaandike pia katika daftari la karatasi.

Mwaka jana kompyuta ya madrasa iligoma tena. Safari hii tuliokoa kila kitu kabla ya adhuhuri, na windo likapigwa baadaye. Ama wale watoto wa marehemu, walikadiria kiasi wakakilipa. Kama kilizidi au kilipungua, hatujui, na swali lao tungali nalo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wema wa amana za watu. Wallahu aalam.